Mvule haupendi kukaa peke yake

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameujua mwaloni tangu utotoni, kwa kuwa Abramu alipiga hema kwenye mialoni ya Mamre. Akitoka nje kuutafuta, haupati. Mialoni ya asili ya Afrika iko kaskazini, Moroko, Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja ulioota wenyewe. Upo mgrivea, ambao Waingereza waliubatiza mwaloni wa hariri, lakini huo ulitoka Australia na hauna undugu na mwaloni. Anayetaka mti wa kwetu wa hadhi hiyo, mrefu, mnene, wa kuachiwa wajukuu, wenye mbao zinazostahimili maji na mchwa, akiwa mwambaoni au kwenye bonde lenye rutuba jibu lake ni mvule.

Tatizo linaanzia kwenye kuupanda. Mvua zikikaribia, watu hununua miche kumi au ishirini, wakaipanga mstari mmoja ulionyooka kando ya ua, jua likiipiga kutwa. Miezi ya mwanzo inapendeza. Kisha vichwa vinavimba, vinapasuka, vinaoza, na mwaka wa pili umebaki na vichaka vya kufika kiunoni vilivyojaa nundu. Lawama huangukia udongo, mbegu, au aliyeuza miche. Mara nyingi hao wote hawana kosa. Kilichokosewa ni mpangilio, na ndiyo sababu tutatumia maneno mengi zaidi kwenye mdudu anayevimbisha vichwa hivyo na kwenye kivuli kuliko kwenye shimo na samadi.

Kuutambua

Jina la kitaalamu ni Milicia excelsa. Vitabu vya zamani huuandika Chlorophora excelsa. Kwenye soko la mbao la dunia unaitwa iroko, na Uganda ni muvule. Ni wa ukoo mmoja na mforosadi, mfenesi na mkuyu, na undugu huo ndio ufunguo wa kwanza: vunja kikonyo cha jani bichi au chanja gome kidogo, utoke utomvu mweupe kama maziwa. Usipotoka, huo si mvule, hata muuzaji aape. (Utomvu huo ukidondokea shati ndiyo basi tena.)

Ufunguo wa pili ni jani. La mvule ni jani moja kamili kwenye kikonyo chake, na majani yanapokezana kwenye tawi, hili kushoto na lile kulia, hayatazamani mawili mawili. Hapo umekwisha kuwatoa wengi. Mninga, mkangazi na mbambakofi wote wana vijani vingi kwenye kikonyo kimoja. Msaji, ule wengi wanaouita mtiki, una majani makubwa yanayotazamana, hauna maziwa, na jani lake changa ukilisugua kiganjani linaacha rangi nyekundu. Anayebaki kusumbua ni mkuyu na ndugu zake, maana nao wana maziwa na jani moja moja. Kwa hao subiri maua au matunda: mkuyu huficha maua yake ndani ya kitunda cha duara, mvule huyaning'iniza nje.

Chukua jani la mti uliokomaa ulishike kuelekea jua. Lina urefu wa sentimita 10 hadi 20, juu kijani kilichoiva, chini limepauka. Kutoka mshipa wa kati utaona mishipa ya pembeni, jozi kumi hadi ishirini na ushee, imenyooka na kulingana kama mbavu za samaki, kisha karibu na ukingo kila mmoja unajipinda na kumshika mwenzake wa mbele. Ukingo ni mzima, hauna meno.

Sasa shika jani la mche wa mwaka mmoja. Ukingo una meno madogo kama ya msumeno wa chuma, na ukilipapasa linakwaruza kwa sababu ya vinyweleo. Mtu aliyezoea moja kati ya haya mawili huapa kwamba la pili ni la mti mwingine. Ni mti uleule. Hubadilisha jani unapokua. Kwa hiyo kitaluni usikatae mche kwa sababu una meno, na ukiuziwa mche wa kufika gotini wenye jani laini lisilo na meno, uliza mara mbili.

Shina changa lina gome la kijivu. Likizeeka huwa kahawia iliyokolea, hata karibu na weusi, nene, likibanduka vipande vipande. Likichanjwa, ndani ni rangi ya krimu yenye madoa ya kahawia, na maziwa hujaa mara moja kwenye mchanjo. Kitako cha mti mkubwa hakina mbawa ndefu za mizizi. Kikiwa nazo ni fupi na butu. Shina hupanda limenyooka, mara nyingi mita 20 bila tawi, ndipo kilele kifunguke kama mwavuli. Mti mzima hufika mita 30 hadi 50. Kiangazi hupukutisha majani kwa muda mfupi, na wageni wa mti huu hudhani umekufa.

Mahali nako ni ushahidi. Mvule ni mti wa kuanzia usawa wa bahari hadi kiasi cha mita 1,200: pwani ya Kenya, Tanga na Muheza, miguu ya milima ya Usambara, Morogoro, Busoga kule Uganda. Mingine ya zamani imesalimika kwenye misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, kwa sababu shoka lilikatazwa humo. Unataka joto, mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka, na udongo usiotuamisha maji. Aliye Njombe, Limuru au Kabale asijisumbue, baridi itaudumaza.

Dume, jike na popo

Kuna mvule dume na mvule jike, kila mmoja mti wake. Dume hutoa mikia myeupe, myembamba, inayoning'inia hadi sentimita 20 hivi, na ikimaliza kazi huanguka na kulitandaza chini zulia linalofanana na funza wakavu. Jike hutoa kishada kifupi, kinene, cha kijani, ambacho baadaye huwa tunda: urefu wa sentimita 5 hadi 7, unene wa kidole gumba, limekunjamana kama kiwavi aliyeshiba. Hata likiiva linabaki kijani au manjano kidogo. Kinachobadilika ni ulaini wake.

Upepo ndio unaochavusha. Maana yake ni kwamba mvule jike uliobaki pekee kijijini, wengine wote wakiwa wamekwenda na misumeno, hauna wa kuupelekea chavua. Usijaze gunia la matunda yake kabla hujapasua machache na kuona kama mbegu zina kiini. Mche hauoneshi kama ni dume au jike, kwa hiyo anayetaka mivule yake izae apande kadhaa, na majirani wapande pia.

Matunda yakiiva, anayefika wa kwanza ni popo. Hula nyama, hubeba mbegu tumboni au hutema makapi mbali na mti mama. Ndiyo maana mivule michanga inayojiotea huonekana chini ya miembe, kwenye mipaka ya mashamba na kando ya uzio, pale popo walipotua. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kuokota na kusafisha mbegu

Okota kila asubuhi yale yaliyoanguka usiku, laini na yasiyo na matundu. Tunda lililolala chini siku tatu limekwisha kuingiliwa na wadudu na chungu. Kusanya kutoka miti mama isiyopungua mitano, iliyoachana angalau mita mia, ili usipande kitalu cha ndugu wa tumbo moja.

Mbegu ni ndogo, kiasi cha milimita 2. Mbuyu ulianza kama mchicha. Mvule huanza kama punje ya ufuta. Kuzitoa, loweka matunda kwenye ndoo ya maji usiku kucha, yaponde kwa mikono mpaka yawe uji, kisha uuchuje kwenye chekeche yenye tundu linaloruhusu mbegu na kuzuia nyuzi. Ongeza maji safi, koroga, acha itulie. Nyama na mapepe huelea, yamwage. Mbegu nzuri huzama. Rudia mara tatu au nne hadi maji yawe meupe. Zitandaze kwenye kitambaa kivulini, penye upepo, siku mbili au tatu. Usizianike juani juu ya bati, utazichemsha.

Zisie mara tu zikikauka. Mbegu ya mvule ikikaa kwenye bahasha juu ya kabati hupoteza uhai upesi, wiki hadi wiki. Ukilazimika kungoja, zikaushe vizuri, zifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa na uiweke kwenye friji, sehemu ya chini, si kwenye barafu.

Kitaluni

Tumia trei au sanduku lenye matundu chini, lenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Lijaze mchanga wa mtoni na udongo wa msituni nusu kwa nusu, vyote vimechekechwa. Changanya mbegu na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vijiko vitano vya mchanga, ndipo uzinyunyize. Bila hivyo zitaangukia pamoja na miche itaota kama nywele za brashi. Funika kwa mchanga mwembamba sana, unene wa mbegu yenyewe. Kosa la kwanza la kitalu cha mvule ni hili: mbegu inafukiwa sentimita moja au mbili kama maharage, inakosa mwanga na nguvu ya kutoka, na mwenye kitalu anasema mbegu ilikuwa mbovu.

Usimwagie kwa kopo wala mpira wa maji, utazisomba zote upande mmoja. Tumia bomba la kunyunyizia lenye tone dogo, au weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo yapande yenyewe kutoka chini. Kivuli kiwe nusu: makuti yaliyopangwa kwa nafasi yanatosha. Kuota huanza baada ya wiki mbili au tatu, mingine huchelewa hadi wiki ya nne au ya tano, kwa hiyo usiimwage trei mapema.

Miche ikilala chini ikiwa imenywea shingo pale inapogusana na udongo, huo ni ugonjwa wa kuvu, na huletwa na unyevu uliopitiliza na msongamano. Punguza maji, mwagilia asubuhi badala ya jioni, toa iliyoanguka pamoja na udongo wake, na uache upepo upite. Dawa huja baadaye, na mara nyingi haihitajiki.

Ikifika majani manne ya kweli, hamishia kwenye viriba. Kiriba cha upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 20 kinafaa. Kifupi zaidi ya hapo kinaukunja mzizi mkuu, na mzizi uliojikunja kitaluni haunyooki shambani. Mchanganyiko wetu ni udongo wa juu sehemu tatu, mchanga sehemu moja, samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Ukiweza, konzi chache za udongo huo zitoke chini ya mvule mkubwa, maana humo mna kuvu wanaoishi na mizizi yake na kuisaidia kunyonya chakula. Shika mche kwa jani, si kwa shina. Jani likikatika litaota lingine, shina likiminywa mche umekwisha. Hamisha jioni au siku ya mawingu.

Udongo utoke chini ya mvule mkubwa, lakini kitalu chenyewe kisikae hapo. Wengi huchagua kivuli kile kwa sababu kinapendeza. Juu ya kivuli hicho ndiko anakoishi adui.

Mdudu mwenyewe

Ni mdudu wa jenasi Phytolyma. Aliyekomaa ana milimita chache tu, ana mbawa angavu zilizokaa kama paa la nyumba, ukimtazama kwa kioo utasema ni nyenje aliyesinyaa. Hana kazi na mti mwingine. Anaishi kwa mvule na jamaa zake wa Milicia. Jike hutaga mayai kwenye kichipukizi na majani ambayo hayajafunguka. Baada ya siku kama nane mayai huanguliwa, na kitoto cha mdudu huchimba kuingia kwenye nyama laini ya chipukizi. Mti hujibu kwa kuvimba. Kwa siku mbili tatu nyama inamzunguka na kumfunika kabisa, naye anabaki ndani ya nundu ya kijani, imejaa maji, anakula akiwa amefungiwa mlango.

Hapo ndipo dawa nyingi zinaposhindwa. Dawa ya kugusa inaishia juu ya nundu. Aliye ndani hajui hata kama umepiga. Zile zinazopenya ndani ya mti zinaweza kusaidia kitaluni, lakini shambani utazinunua tena na tena, mvua itaziosha, na siku utakapoacha mdudu atarudi. Hatupendekezi mkulima wa ekari mbili aanze safari hiyo.

Baada ya wiki mbili au tatu nundu hupasuka yenyewe, wadudu wakubwa wakatoka. Huo bado si mwisho. Kidonda kilichobaki ni kibichi, kimelowa, na kuvu wa kuozesha huingia. Uozo hushuka kutoka nchani hadi ukutane na sehemu ya shina iliyokomaa. Mche hutoa machipukizi mapya mawili matatu chini ya pale palipokufa, na kila moja ni laini, yaani chakula kipya. Mzunguko ukirudiwa mara nne au tano, mche hauna akiba tena. Ama unakufa, ama unabaki kichaka.

Kwa nini mti huu haujatoweka, kama adui ni mkali hivyo? Kwa sababu msituni mche hauoti kwenye mstari wa wenzake ishirini. Popo ameuangusha peke yake kati ya miti ya aina nyingine, mdudu ana kazi ya kuutafuta, na kivuli chepesi kinauotesha bila kuupa mlipuko wa machipukizi laini. Mti ukishapanda juu ya kichwa cha mtu na kuwa na shina la mbao, mdudu bado atakula ncha zake, lakini hauangushi. Vita vyote viko kwenye miaka mitatu au minne ya mwanzo.

Mkulima anafanya nini? Kitaluni funika viriba kwa neti yenye tundu dogo sana. Chandarua chakavu cha mbu hufaa kikikunjwa mara mbili. Kagua kila wiki, bila kuruka. Nundu iliyo ya kijani na haijapasuka, ikate na ncha yake kwa wembe safi, iweke kwenye mfuko, ichome moto. Ukiitupa chini ya mche, umemhamisha mdudu kwa sentimita thelathini tu. Nundu iliyokwisha kupasuka ni ganda tupu, lakini kata hapo pia, chini ya palipooza, ili uozo usiendelee kushuka. Na usiimwagie miche mbolea ya chumvichumvi ili "ishike kasi": kasi hiyo ni machipukizi laini, na machipukizi laini ndiyo karamu yake.

Shambani

Panga kivuli kabla ya mvule. Anayeanza na shamba jeupe apande migomba au mgliricidia, mti wa kivuli unaokua upesi, mwaka mmoja mapema, ndipo alete mivule katikati yake. Mwenye shamba la migomba na kahawa tayari ana nusu ya kazi mkononi, na si bahati kwamba mashamba ya namna hiyo ndiyo yenye mivule mizuri.

Kituo kwa kituo uache mita 12. Kwa ekari moja, yenye mita za mraba 4,047, nafasi ya mita 12 kwa 12 inakupa vituo 28. Visiwe vyote vya mvule. Kimoja mvule, kinachofuata mkangazi au mbambakofi, hivyo hivyo hadi mwisho, ubaki na mivule 14 iliyotawanyika na migomba kati yake. Hesabu inaonekana ndogo kwa mwenye haraka. Ni bora mivule 14 yenye shina kuliko 200 yenye nundu.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande. Udongo wa juu weka kando ya kulia, wa chini kushoto. Unaporudisha, wa juu ndio uende kwenye mizizi, umechanganywa na debe nusu la samadi iliyooza. Panda mvua ikiwa imelowesha hadi kina cha jembe, mwanzoni mwa masika, au vuli kwa sehemu ambazo vuli yake ni ya kuaminika. Mche uwe na sentimita 30 hadi 45, uliozoeshwa jua na kupunguziwa maji wiki tatu za mwisho. Chana kiriba, usikivute. Mzizi uliokwisha kujizungusha chini, ukate kwa kisu kikali. Shingo ya mche ibaki sawa na uso wa ardhi.

Tandaza majani makavu kuzunguka mche, ila yaache kiganja kimoja mbali na shina. Yakigusana na shina, mchwa huyapanda kama ngazi. Ndiyo, mchwa: mbao ya mvule iliyokomaa huishinda mchwa, lakini mche wake hauna kinga hiyo. Mbuzi nao huupenda. Zungushia miiba mpaka upite midomo yao.

Sehemu inayohitaji jicho ni kuongeza mwanga. Mvule, pamoja na yote tuliyosema kuhusu kivuli, ni mti wa jua. Kwenye giza hukaa miaka bila kukua, ukiwa na majani sita na shina kama penseli. Kwa hiyo mwaka wa kwanza uache na nusu kivuli. Mwaka wa pili kata majani ya mgomba yaliyo juu yake moja kwa moja, acha ya pembeni. Ukifika mita mbili au tatu, mbingu iwe wazi kabisa juu ya kilele chake, huku majirani wakiendelea kuuziba ubavuni. Kivuli cha ubavuni kinamnyima mdudu nafasi, na pia kinaufanya mti unyooke badala ya kutanua matawi chini. Alama za kusoma ni mbili: majani yakiwa makubwa, membamba, ya kijani kilichokolea na kimo hakiongezeki, fungua mwanga; nundu zikiongezeka kila ukaguzi, umefungua haraka mno.

Mche ambao mdudu ameuvunja kichwa utatoa vichwa viwili au vitatu. Ngoja hadi vifike urefu wa mkono, chagua kilichonyooka na kisicho na nundu, kata vingine kwa mkasi mkali wakati wa kiangazi. Ukichelewa miaka miwili utapata mti wa pacha, na siku upepo ukija, huchanika pale pale penye panda.

Njia ya mkato, na ni halali

Tulisema popo hupanda mivule yao bila kulipwa. Kabla ya kununua hata mche mmoja, pita mipaka ya shamba baada ya mvua kuanza, utafute vimiche vyenye jani la meno na maziwa meupe. Kilichoota mahali pasipo na kero, kiwekee vijiti na miiba, kipalilie nusu mita kila upande, basi. Hakijawahi kukatwa mzizi wala kukaa kiribani, na mara nyingi kitaupita mche wa kitalu. Kilichoota njiani, king'oe na bonge lake la udongo kikiwa bado na majani manne au sita, siku ya mvua, ukiweke kiribani kwenye kivuli mwezi mmoja.

Pale mzizi wa mvule mkubwa ulipokatwa na jembe au mtaro wa barabara, huchipua. Chipukizi hilo linaweza kutengwa na kipande cha mzizi na kuhamishwa. Vipandikizi vya matawi navyo hukubali, mradi vitoke kwenye miche michanga: kipande laini chenye jani moja lililokatwa nusu, ndani ya sanduku lililofunikwa nailoni lisilokauka kamwe. Tawi la mti mzee halitaki. Kwa mbegu na miche yenye asili inayojulikana, waulize TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, upande wa Tanzania, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, upande wa Kenya.

Baada ya miaka hamsini

Mbao haziji mapema. Mti wa kupasuliwa unataka nusu karne au zaidi, na hakuna mbolea ya kulifupisha hilo. Mbao mbichi ni ya manjano. Ikipigwa na hewa na mwanga hugeuka kahawia ya dhahabu, kisha hukolea. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa kwa fundi si mapambo.

Kuna jambo mafundi wa msumeno hulijua kwa hasara. Mvule hukusanya chokaa, na mara nyingine ndani ya shina hujengeka jiwe kamili, gumu, jeupe au la kijivu, limefichwa na mbao pande zote. Meno ya msumeno yakilikuta, yamekwisha. Jiwe hilo ni kabonati ya kalsiamu: mti huvuta kalsiamu na kuihifadhi kama oksalati, halafu bakteria na kuvu huibadilisha, ndani ya mti na kwenye udongo wake, mpaka ardhi iliyo chini ya mvule mzee hupungua uchachu. Gogo likiwa na kovu la zamani au uvimbe usioeleweka, anza kulipasua upande mwingine.

Na kabla ya msumeno kuna karatasi. Kukata na kusafirisha mbao huendana na vibali, na mti wa asili uliopandwa kwa mkono hauna alama inayoutofautisha na ulioota msituni. Siku ya kupanda, piga picha kila mche ukiwa na fimbo ya kupimia pembeni, andika tarehe na kituo chake kwenye ramani ya shamba, na nakala moja uipeleke ofisi ya kijiji au ya misitu igongwe muhuri. Iandike kwa wino usiofutika. Atakayeihitaji huenda bado hajazaliwa.